Je, wajua kwa nini uvimbe wa utumbo unaweza kuharibu moyo, tena upande wa kulia tu?

Mtu ana kauvimbe kwenye utumbo mwembamba, kadogo tu, ila miaka inaenda na kinachokuja kumlaza kitandani ni moyo. Kivipi?

Uvimbe wenyewe unaitwa kasinoidi, ni kansa inayokua taratibu na mara nyingi inamwaga kemikali kwenye damu, hasa serotonini. Ukiwa utumboni tu kwa kawaida husikii kitu, sababu damu ya utumbo lazima ipite kwenye ini kwanza, na ini ndo kama askari wa getini, linazivunjavunja zote. Shida inaanza kansa ikishasambaa kwenye ini lenyewe, hapo kemikali zinamwagika nyuma ya geti na kwenda moja kwa moja moyoni, upande wa kulia. Valvu za upande huo zinaota utando mgumu mweupe, zinakakamaa, hazifungi vizuri, damu inarudi nyuma, miguu inavimba na tumbo linajaa maji.

Na kushoto je? Kabla damu haijafika kushoto inapita mapafuni, na mapafu nayo yanavunja serotonini, kwa hiyo kushoto husalimika, labda mtu awe na tundu kati ya vyumba vya moyo au uvimbe uwe mapafuni kwenyewe.

Dalili za mwanzo zinapoteza watu maboya kweli: uso na shingo vinawaka moto ghafla (kwa sisi weusi wekundu hauonekani sana, mtu anasikia joto tu), kuharisha, kifua kubana, na mama wa miaka 50 anaambiwa ni kukoma hedhi basi.

Kuna na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3. Serotonini inatengenezwa kutokana na triptofani, kirutubisho cha protini tunachopata kwenye chakula, ambacho mwili unakitegemea pia kupata hiyo B3. Kawaida serotonini inachukua kama asilimia 1 tu ya triptofani, ila huu uvimbe unaweza kula hadi 60, B3 inakata, ngozi inababuka panapopigwa jua.

Kipimo kimojawapo ni mkojo wa saa 24, na kabla yake unaambiwa uache ndizi, nanasi na parachichi maana zina serotonini zinavuruga majibu.

Kinachotisha zaidi ni nusu kaputi, uvimbe ukishtuliwa unamwaga kemikali kwa mkupuo presha inaporomoka hapo hapo mezani, ndo maana daktari wa usingizi anaandaa dawa ya okitreotaidi mapema.