Hofu tunayoifuata Ngosi

Wanafunzi wangu wa ujumi, yaani falsafa ya uzuri, huingia darasani wakiamini kwamba kila kinachotuvuta ni kizuri, basi. Huwa naanza na mwanafalsafa Edmund Burke, ambaye mwaka 1757 alichapisha kitabu kizima kutenganisha hisia mbili tunazozichanganya. Kwake uzuri ni wa vitu vidogo, laini, visivyo na kona kali, nao huzaa mapenzi. Utukufu ni wa vitu vikubwa mno, vyenye nguvu, giza au ukimya, na chimbuko lake ni hofu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mifano tunayo karibu. Panda hifadhi ya Kitulo kipindi cha mvua, okidi zikiwa zimechanua nyasini: unainama kutazama ua moja dogo, moyo unalainika. Huo ndio uzuri wa Burke. Kisha nenda Ngosi, ziwa lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Ukitokea Isongole unapita mashambani, unaingia msituni, unapanda kwenye utelezi ukishikilia mizizi, mara ardhi inakatika mbele yako. Kuta za kreta zinashuka wima, na ziwa liko chini kabisa. Watu hunyamaza kwanza, hushika tawi la mti, ndipo hutoa simu.

Kule kushika tawi Burke amekueleza vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote ninayemjua. Hatari ikitukaribia mno, anasema, hakuna raha yoyote. Ikikaa mbali kidogo, mwili unasisimka kwa woga huku ukijua uko salama, na hapo huzaliwa furaha ya namna yake. Ukungu ukifunika nusu ya ziwa, hisia huzidi, maana kisichoonekana sawasawa hutisha zaidi.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1790, alikwenda mbali zaidi. Kama ni woga tu, mbona tunaondoka pale tukijihisi tumeinuliwa? Jibu lake ni kwamba utukufu haumo ziwani, umo ndani yetu. Ukubwa wa asili unaishinda fikra yetu, nguvu zake zinatuonyesha unyonge wa miili yetu, na papo hapo tunatambua kwamba utu wetu hausombwi na poromoko lolote. Hapo nakubaliana naye kabisa.

Tunapoachana ni kwa mkulima wa Savoy, eneo la milima ya Alps huko Ulaya. Kant anamtaja, akimnukuu Saussure, mtaalamu wa milima wa Uswisi, kuwa aliwaita wapenzi wa milima ya barafu wajinga. Anamhesabu kuwa mtu mwenye busara, ila bila malezi ya kimaadili mtu wa namna hiyo huona taabu na hatari tu.

Mkulima wa viazi anayeishi chini ya Ngosi anaweza naye kuwashangaa wanaolipa ili wachoke. Lakini Wasafwa, wenyeji wa huko, wana masimulizi ya nyoka mkubwa aliyemo ziwani, na masimulizi hayo hayatishi tu: yanaliweka ziwa mahali ambapo binadamu si mwenye amri. Kant mwenyewe aliifunga hisia ya utukufu na heshima. Sasa heshima gani inapita hiyo? Mkulima huyu wa Ngosi hakukosa utukufu. Alichokosa ni ule umbali wa Burke, kwa sababu mgeni akishatazama hurudi Mbeya mjini, na yeye hubaki kulima mteremkoni, mvua ikinyesha juu ya udongo uleule unaolisha watoto wake.