Boti ya matanga ya zamani: maneno ya watu na hali halisi

"Nunua ya zamani, utaokoa hela." Hii ndo inawaponza wengi. Bei ya boti inashuka kila mwaka, sawa, lakini spea hazijui kama boti yako ina miaka 40, nyaya za kushikilia mlingoti za boti ya mita 10 zinauzwa bei ileile iwe mpya inang'aa au umepewa bure na mtu aliyechoka nayo. Kinachoamua gharama ni ukubwa, na hapo napo watu wanajidanganya, maana boti ya mita 12 si ile ya mita 9 iliyoongezwa theluthi, kama umbo linafanana uzito unapita mara mbili, na nanga, kamba, winchi na matanga vyote vinafuata uzito.

Halafu kuna hofu ya malengelenge. Mtu anaona vipele chini ya boti ya fibaglasi anakimbia. Vinatokea maji yanapopenya taratibu kwenye ganda la nje, na ni mara chache sana vikazamisha boti: vinakwanguliwa, boti inaachwa ikauke, inapakwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu. Cha kuogopa kiko juu, ambako mnunuzi anakanyaga tu na kupita! Sitaha nyingi za boti hizi ni fibaglasi juu, fibaglasi chini, katikati mbao ya balsa au plaiwudi. Kila kilichofungwa kwa bolti pale, nguzo za uzio, reli, winchi, kimetobolewa tundu, na gundi ya kuzibia ikichoka maji yanaingia kidogokidogo yanaozesha mbao huku juu rangi iko safi kabisa, mpaka siku unaona tone kwenye godoro ujue yameshatembea mbali. Chukua nyundo ndogo ya plastiki ugongegonge sitaha nzima, penye afya panatoa mlio mkavu, palipooza sauti imekufa. Na tafadhali usipake silikoni kwa juu ukasema umeziba. Toa bolti, panua tundu, kwangua mbao iliyooza, jaza epoksi, ikikauka toboa upya katikati ya hiyo epoksi. Inachosha, ila bolti ikivuja tena maji hayaifikii mbao.

Stenlesi haishiki kutu? Inashika, tena kwa kujificha. Inajilinda ikipata hewa, sasa pale ilipobanwa na maji ya chumvi bila hewa inaliwa. Angalia vile vibamba vinavyoshikilia nyaya za mlingoti, pale vinapopita kwenye sitaha: juu vinameta, ndani vina nyufa. Nyaya nazo zinaanza kukatika kwenye maungio, hasa ya chini ambako maji yanatuama, na ukiona hata uzi mmoja umekatika usijadiliane nao, badilisha. Watu wa bima wengi wanaanza kuulizia umri wa nyaya zikifika kwenye miaka 10 hadi 15, na hapo siwalaumu.

"Injini ina masaa machache, karibu mpya." Mimi masaa machache kwenye boti kuukuu yananitia wasiwasi kuliko mengi. Dizeli inapenda kazi, ikikaa miezi au ikiwashwa tu kuchaji betri bila mzigo inajaa masizi na inaanza kula oili, na lile bomba la moshi linalochanganywa na maji ya bahari linaziba polepole. Halafu wanasema injini ilizima kwenye mawimbi kwa bahati mbaya, bahati gani? Uchafu umelala chini ya tanki miaka yote, mawimbi yakaukoroga, filta ikaziba. Kwa hiyo safisha tanki, weka filta inayotenga maji, na impela, kile kipanga cha mpira kinachozunguka ndani ya pampu ya maji, ibadilishe kabla haijakatika vipande.

Wengine wanajipa moyo kwamba wana pampu kubwa ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya ndani chini ya boti. Tundu la milimita 38 likiwa sentimita 60 chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, wakati namba iliyoandikwa kwenye pampu imepimwa kwa umeme kamili bila kupandisha maji juu, na betri zikishalowa ndo basi. Afadhali uhangaike na valvu za chini, zile za kufungia matundu ya maji kwenye ubavu wa boti. Za shaba ya njano kwenye maji ya chumvi zinki inatoka ndani yake, zinabaki na wekundu fulani na zinavunjika kama biskuti. Bronzi ndo inayodumu. Na kila valvu ifungiwe kizibo cha mti laini hapohapo, cha kuzibia tundu ikivunjika, sio kwenye droo.

Na vile vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya boti viliwe badala ya vyuma vingine je? Ukikuta haijaliwa hata kidogo usifurahi, inawezekana haijagusana vizuri na chuma inachokilinda, au kuna mtu kaipaka rangi.

La mwisho matanga. "Hayajachanika, yako poa." Tanga la dakroni, kitambaa cha poliesta, linachoka umbo kabla ya kuchanika, tumbo linahamia nyuma, boti inalala sana upande na kubisha upepo, yaani kwenda kinyume nao, haiwezi, mwenye boti analaumu mkuku, ule uti wa chini ya boti. Na kwaruza uzi wa mshono kwa kucha: ukikatika, jua limeshaula, hata kama kitambaa bado kizima peleka likashonwe upya.