Anayefufuka na njaa hapakuliwi sahani iliyojaa

Nikitaja kazi yangu ya lishe tiba, swali la kwanza huwa: "Sasa nile nini nipungue?" Nimezoea. Ila siku yangu nyingi huishia wodini, mkononi nina faili, majibu ya maabara na kikokotoo, na mgonjwa mwenyewe pengine amebaki mifupa.

Tuseme hajala chochote cha maana kwa siku kumi. Ndugu zake wanataka ashibe leo hii. Mimi naomba tuanze na kidogo mno, nami naonekana mkatili. Mwili uliokaa na njaa huwa umemaliza akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesi, hata kama kipimo cha damu hakioneshi. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Fosfeti ya damu hushuka ghafla, mapigo ya moyo huvurugika, na mtu anaweza kufa kwa kulishwa. Ndiyo maana hutanguliza vitamini B1, kisha kalori tunazipandisha siku hadi siku huku damu ikipimwa.

Haya hayafundishwi kwenye semina ya wikiendi. Sisi wa lishe tiba tunasomea shahada yenye biokemia, fiziolojia na magonjwa, tena na dawa: anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano, hakatazwi mboga za majani zenye vitamini K, anaombwa tu asile rundo leo na kesho asiziguse. Marekani, tangu 2024, huwezi kufanya mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Uingereza jina la taaluma yetu linalindwa na sheria. Jina la "mshauri wa lishe" kwingi halina mwenyewe, yeyote hujibandika.

Halafu kuna mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, na kwangu hapo ndipo kiburi kiliponitoka. Nilimwandalia mgonjwa wa figo mpango niliouonea fahari. Wote ulitegemea mboga zichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, potasiamu ipungue. Msimamizi wangu aliusoma, akauliza: "Nyumbani kwake anapika nani?" Sikujua. Nikarudi wodini kuuliza. Alikuwa anapikiwa na binti yake, na binti hakuwa ameambiwa neno.