Asidi ya askobiki: jina lililotokana na kiseyeye

Ukisoma viambato kwenye pakiti ya juisi, mara nyingi utakuta asidi ya askobiki, au namba yake, E300. Wengi wanaotuuliza juu yake wametishwa na jina tu. Hiyo ni vitamini C, ile ile iliyomo kwenye chungwa na pera, na jina lake kalitunga Mhungaria, Albert Szent-Györgyi, akishirikiana na Mwingereza.

Mwaka 1928, akiwa Cambridge, Szent-Györgyi alitangaza kwamba ametenga dutu mpya kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, na pia kwenye machungwa na kabichi. Alijua ina kaboni sita na kwamba ina undugu na sukari. Basi. Kwa kuwa majina ya sukari za kemia huishia na -ose, akachanganya kiishio hicho na kutojua kwake (kwa Kiingereza, ignorance), akapendekeza "Ignose". Mhariri wa jarida, Arthur Harden, akakataa. Szent-Györgyi akarudi na "Godnose", ambalo masikioni mwa Mwingereza ni "Mungu ndiye ajuaye". Nalo likagonga mwamba. Mwishowe ikaitwa asidi ya heksuroniki, heksa ikiwa ni sita kwa Kigiriki. Jina la heshima, ila kwangu mimi Ignose lilikuwa na ukweli zaidi, maana kazi ya dutu yenyewe hakuna aliyeijua.

Kazi hiyo ilidhihirika Szeged, kusini mwa Hungaria. Yeye na Joseph Svirbely waliwalisha simbilisi chakula kisicho na vitamini C. Waliopewa asidi ile walisalimika na kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu uliowaua mabaharia kwa karne nyingi. Charles Glen King wa Marekani alitangaza jibu hilo hilo mwaka 1932, na ubishi wa nani alitangulia haukwisha upesi.

Kiseyeye kwa Kilatini cha matabibu ni scorbutus. Tanguliza a- ya Kigiriki, yaani "bila", na jina limekamilika. Szent-Györgyi alilipendekeza mwaka 1933 pamoja na Norman Haworth wa Birmingham, aliyechambua muundo wa molekuli. Haworth alihitaji dutu nyingi, na tezi hutoa chembe tu. Iliyowaokoa ni paprika, pilipili nyekundu zinazolimwa Szeged, zilizowapa asidi hiyo kwa kilo. Mwaka 1937 wote wawili walipata Nobel: Mhungaria ya tiba, Haworth ya kemia.