Kwa nini mtandamboo una miiba ilhali matunda yake yanaliwa?

Mtandamboo, ambao wataalamu huuita Carissa spinarum, huota pembezoni mwa misitu ya Afrika na pia Arabuni, India hadi Australia. Matunda yake ni madogo na matamu, nayo yakiiva huwa ya zambarau inayokaribia weusi.

Wengi husema miiba ile inalinda matunda. Sivyo. Tunda bivu lipo ili liliwe: ndege akilimeza, mbegu husafiri tumboni mwake na kuangukia mbali na kivuli cha mama yake. Kumzuia mlaji huyo kungekuwa hasara kwa kichaka chenyewe. Tena miiba ya mtandamboo ni matawi yaliyogeuka, hivyo ipo mwaka mzima, hata pasipo ua wala tunda. Tunda bichi nalo lina ulinzi wake: utomvu mweupe unaonata, unaoweza kugandisha mdomo wa mdudu anayelitoboa.

Kinacholindwa ni majani na machipukizi, na adui ni mnyama mla majani. Ajabu ni kwamba mwiba haumfukuzi, unamchelewesha. Ni kama kula samaki mwenye miiba mingi: huachi kula, ila unachambua, tonge linakuwa dogo, na mwenzako mwenye mnofu mtupu anamaliza mapema. Mnyama anayelazimika kuchomoa jani mojamoja, badala ya kukwanyua tawi zima, hupata chakula kidogo kwa kila dakika, kisha huhamia penye nafuu. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1986 ulipima jambo hili kwa tandala, swala pala na mbuzi, ingawa kwa mimea mingine yenye miiba: miiba ilipoondolewa, walikula kwa kasi zaidi. Huko Laikipia, Kenya, migunga iliyozungushiwa uzio dhidi ya wanyama wakubwa iliota miiba mifupi zaidi. Ndege hana taabu hiyo. Mdomo wake mwembamba hupenya katikati.

Mtandamboo una jamaa wa karibu, msunguti, unaofanana nao kwa majani, matunda na utomvu mweupe. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Kinga yake ni ouabaini, sumu ya moyo ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka kwenye mishale. Kwa hiyo ukikuta matunda meusi kwenye kichaka chenye utomvu mweupe, tafuta miiba kwanza. Isipokuwepo, usile.