Je, wajua? Utafiti "uliopitiwa na wataalamu" si lazima uwe umethibitishwa

Je, mtaalamu anayepitia utafiti wa saikolojia kabla haujachapishwa huwa anafanya nini hasa? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na halikuwa sahihi. Nilidhani anapewa data yote, anapiga hesabu upya, na ikibidi anarudia jaribio lenyewe. Kwa hiyo kila nilipoona maneno "umepitiwa na wataalamu wenza", mimi nilielewa "umethibitishwa". Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kuna gharama ya fedha taslimu, maana matokeo ya saikolojia hayaishii majaridani. Serikali huyatumia kuandika barua za kodi, kampuni za bima kupanga fomu zao, na mifuko ya pensheni kuamua mfanyakazi aingizwe vipi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwandishi anatuma mswada, mhariri anausoma, na ukimridhisha anautuma kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo. Kila mmoja anapewa wiki kadhaa, kwa kawaida bila malipo, na mwishoni anapendekeza: ukubaliwe, urekebishwe kidogo, urekebishwe sana, au ukataliwe. Anachokisoma ni maelezo ya jaribio. Data ghafi, kwa desturi ya miaka mingi, haimo kwenye faili analotumiwa, ingawa majarida kadhaa yameanza kuidai. Wala utaratibu huu si wa kale kama wengi tunavyodhani: jarida la Nature liliufanya sharti mwaka 1973 tu.

Hata ndani ya maelezo hayo, macho ya binadamu hukosa mengi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichukua makala iliyokwisha kukubaliwa, likapandikiza humo kasoro 8 kwa makusudi na kuituma kwa wapitiaji 420. Waliorudisha maoni walikuwa 221, na kwa wastani kila mmoja alitaja kasoro 2. Kwenye saikolojia, mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walieleza jinsi walivyochukua makala 12 zilizokwisha kuchapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo vyao, kisha wakazirudisha kwenye majarida yale yale. Makala 3 zilitambuliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa. Makala 12 ni chache mno kujengea kanuni, lakini mtu akishaisoma habari hiyo hawezi tena kuliona neno "kukubaliwa" kwa jicho lile la zamani.

Siwalaumu wapitiaji. Makadirio ya mwaka 2020 yanaonyesha kwamba duniani kote walitumia zaidi ya saa milioni 100, na muda wa wale wa Marekani peke yao ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Hizo ni nguvu nyingi mno kutolewa bure. Tatizo ni kwamba tunawadai kitu ambacho hawakupewa nafasi ya kukifanya.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Mwaka 2012 jarida la PNAS lilichapisha utafiti wa watu watano uliodai kwamba ukimfanya mtu asaini tamko la ukweli juu ya fomu badala ya chini, atakuwa mkweli zaidi. Mojawapo ya majaribio yake lilihusu bima za magari 13,488: waliosaini juu waliripoti kuendesha maili zaidi kwa takriban asilimia 10. Kwa kampuni ya bima hayo ni mapato, maana anayeendesha zaidi hulipishwa zaidi, na badiliko lenyewe halina gharama yoyote. Mwaka 2020 jaribio kubwa la kurudia halikuona athari hiyo, na safari hii faili la data ya mwaka 2012 liliwekwa hadharani. Waliolifungua walikuta mambo ambayo hayamo katika mswada wowote. Maili zilikuwa zimegawanyika kwa usawa kutoka 0 hadi 50,000, kana kwamba wanaoendesha kidogo sana ni wengi sawa na wanaoendesha wastani, halafu zinakatika ghafla. Nusu ya namba za maili za mwanzo ziliandikwa kwa mwandiko wa kompyuta (fonti) uitwao Calibri na nusu kwa mwingine uitwao Cambria, na zile za Cambria zilionekana kuwa nakala za zile za Calibri zilizoongezewa namba ya kubahatisha isiyozidi 1,000. Makala ikaondolewa mwaka 2021. Mpitiaji wa mwaka 2012 angewezaje kuona mwandiko wa safu ambayo hakuonyeshwa?

Hata hivyo, data ya kubuni si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi hutokea hata pale ambapo kila mtu ni mkweli.

Chukua jiwe lenye uzito wa kilo 1 kamili na mizani inayotetereka. Ukilipima mara 100 utapata gramu 700, 900, 1,000, 1,150, na mara chache 1,400. Mizani haina hila. Ukipiga wastani wa vipimo vyote utarudi kwenye kilo 1. Sasa mwambie karani aandike daftarini vipimo vinavyozidi gramu 1,300 tu, kwa kuwa vingine "havina jipya". Atakayefungua daftari hilo baadaye ataapa kwamba jiwe lina uzito wa gramu 1,350 hivi. Mlete mpitiaji. Yeye hapewi vipimo 100. Anapewa kimoja kilichopendekezwa kuingia daftarini. Anakagua: jiwe lilikaa katikati, sahani ilikuwa safi, namba imeandikwa sawasawa. Anakubali, na ana haki ya kukubali. Kosa limo katika vile 95 vilivyobaki mezani, na hivyo hakuna atakayemletea. Majarida hufanana na karani huyo yanapopendelea matokeo makubwa. Sampuli, yaani idadi ya watu waliopimwa, ikiwa ndogo, mizani hutetereka zaidi, kwa hiyo kinachofanikiwa kupita ni kile kilichozidisha sana.

Uzito huo wa ziada umepimwa. Mwaka 2022 Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walichapisha ulinganisho wa majaribio ya kusukuma uamuzi wa watu kwa hila ndogo, kama vile kubadilisha maneno ya barua ya ukumbusho. Katika majarida ya kitaaluma, hila hizo ziliongeza waliochukua hatua kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Katika majaribio 126 ya vitengo viwili vya Marekani vinavyozisaidia serikali kwa hila kama hizo, yaliyohusisha watu milioni 23 na kuhesabiwa yote bila kuchujwa, ongezeko lilikuwa pointi 1.4. Sehemu kubwa ya pengo hilo walihusisha na mchujo wa uchapishaji, ingawa majaribio ya pande mbili yalitofautiana kwa mambo mengine pia. Mji unaotuma barua 100,000 ukitegemea majarida ungetarajia watu 8,700 zaidi, ukapata 1,400. Hao 1,400 si wa kubeza, maana barua ingetumwa kwa vyovyote. Lakini bajeti iliyojengwa juu ya 8,700 imekwisha kuharibika.

Yako pia matokeo yaliyosimama. Mwaka 2001 Brigitte Madrian na Dennis Shea walionyesha kwamba katika kampuni moja ya Marekani, kuwaingiza wafanyakazi wapya kwenye akiba ya uzeeni moja kwa moja, wakiwa huru kujitoa, kulipandisha ushiriki kutoka asilimia 49 hadi 86. Uingereza ilianza utaratibu kama huo mwaka 2012, na zaidi ya watu milioni 10 wameingizwa. Athari kubwa namna hiyo inaonekana hata kwenye mizani mbovu.

Dawa inayonivutia zaidi ilianzishwa na jarida la Cortex mwaka 2013: mpitiaji husoma swali na mpango wa utafiti kabla data haijakusanywa, na jarida huahidi kuchapisha matokeo yoyote yatakayopatikana. Ulinganisho wa mwaka 2021 katika saikolojia ulikuta kwamba asilimia 96 ya makala za kawaida ziliunga mkono dhana zao, yaani kile watafiti walichotarajia, lakini kati ya zile zilizokubaliwa mapema ni asilimia 44 tu. Huenda wanaochagua njia hiyo hupima dhana zenye mashaka zaidi, kwa hiyo pengo lote haliwezi kubebeshwa mchujo. Ila hata ukilipunguza kwa ukarimu, vimebaki vipimo vingi mno mezani.