Ghala la Harmondsworth: nguvu ipo kwenye kiungo

Kaskazini tu ya uwanja wa ndege wa Heathrow, pembezoni mwa London, kuna kijiji kiitwacho Harmondsworth. Hapo lipo ghala la nafaka lililojengwa mwaka 1426 kwa miti ya mwaloni. Urefu wake ni mita 58, upana mita 11 na ushei, na paa limepanda karibu mita 12. Wageni hustaajabia ukubwa huo. Sisi tunaohifadhi majengo ya mbao huwa tunasogea kwanza kwenye viungo.

Shamba la hapo lilikuwa mali ya Chuo cha Winchester, shule ya kale ya wavulana kusini mwa Uingereza, tangu 1391, na chuo kilihitaji pa kuweka ngano na shayiri. Hati za hesabu zinawataja William Kyppyng na John atte Oke, waliotumwa mji wa Kingston kutafuta miti. Pete za ukuaji ndani ya mbao zinakubaliana na hati: miti ilikatwa kati ya 1424 na 1426. Maana yake ilichongwa ikingali mibichi.

Wengi huniuliza kama huo haukuwa uzembe, kwa kuwa seremala wa leo anataka mbao kavu. Haukuwa. Mwaloni mkavu hulishinda shoka na tezo, ilhali mbichi unachongeka vizuri. Fundi wa zamani alijua mti utanywea, naye akajiandaa kwa hilo. Ulimi wa boriti, yaani ncha yake iliyochongwa nyembamba, uliingia kwenye tundu la nguzo, kisha vyote viwili vikatobolewa kwa keekee. Lakini tobo la ulimi liliwekwa makusudi karibu kidogo zaidi na bega la boriti, pale ulimi unapoanzia, lisilingane sawasawa na lile la nguzo. Kijiti kikavu cha mwaloni, kilichopasuliwa kufuata nyuzi zake, kilipogongwa ndani kilijipinda na kuivuta boriti ikabane nguzo. Mbao zikazidi kukauka, na kijiti kikaendelea kushika. Kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko wote humo ndani.

Upana nao ulihitaji akili. Huku pwani, urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba. Harmondsworth walisimamisha safu mbili za nguzo kwa urefu wote wa jengo, zikaacha ukumbi mpana katikati na ujia kila upande. Kila nguzo imekalishwa juu ya jiwe ili unyevu wa ardhi usiipande. Mafundi wa Uingereza wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kusimamisha shina kichwa chini, upande wa mizizi ukiwa juu, kwa sababu ndio mnene: pale juu hukutana mtambaapanya unaofuata urefu wa jengo, boriti inayokatiza ukumbi, na nguzo yenyewe, na kila kimoja kinataka nafasi yake.

Milango mitatu mikubwa iliruhusu mikokoteni kuingia na mzigo. Kilimo kiliendelea kulitumia ghala hadi miaka ya 1970. Baadaye likachakaa, na mwaka 2011 English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, likalinunua.

Mbao nyingi ni zilezile za mwanzo. Kwa hiyo panapooza, fundi hukata sehemu iliyooza peke yake, akaunga kipande kipya cha mwaloni.